Kaburi Ambalo Gazeti Halikuliona

Simu alipiga Koku mwenyewe, na hilo peke yake lilinitisha, maana Koku hapendi simu. Akitaka kunisalimia humwagiza mjukuu. Hakuniuliza hali, wala hakuuliza habari za miguu yangu ambayo kila mtu huiulizia siku hizi. Alisema Mwalimu Kamuhanda amefariki, atazikwa nyumbani kwake Nyakatuntu, na kama nataka kuja nije mapema. Kisha nikamsikia anavyohema, halafu akasema, "Na jembe langu lipo." Akakata. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda na ile simu mkononi, nikajikuta ninalia, na sikujua kama ninamlilia yule aliyekufa au huyu aliyenipigia.

Kwetu mtu akifa, majirani wa kilima kizima huweka majembe chini mpaka msiba uishe. Hata kama mvua zimeanza, hata kama mbegu za maharage zinangoja kwenye ungo, hakuna anayelima. Ukilima, umemwambia marehemu na watu wake kwamba kifo chake si kitu. Na Koku, katika mwaka ninaotaka kuusimulia hapa, alisema mbele ya watu kwamba siku Mwalimu Kamuhanda atakapokufa, yeye atalima. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia akilitengua neno hilo. Nami niliwapenda wote wawili, na bado ninawapenda, ndiyo sababu nilipanda gari la asubuhi na magoti haya mabovu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilitoka kwetu Nyakakika nikiwa msichana mwenye mwandiko mzuri na kiburi kisichokuwa na kazi, nikachukuliwa na Mwalimu Kamuhanda huko Nyakatuntu kumchapia gazeti. Ninasema gazeti kwa heshima. Zilikuwa karatasi mbili zilizobanwa pamoja, na watu waliziita orupapura, yaani karatasi, basi. Chumba chetu kilikuwa nusu ya stoo ya kahawa, kimegawanywa na ukuta wa mianzi uliokandikwa udongo upande mmoja tu, kwa hiyo kila lililosemwa upande wa pili lilifika kwetu pamoja na vumbi la magunia. Palikuwa na mashine ya chapa ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa imekatika mguu, na mashine ya kurudufu kwa stensili za nta, ya kuzungusha kwa mkono, iliyotapika wino juu ya nguo zangu zote mpaka Koku akaniuliza kama nimeajiriwa kuandika au kupaka rangi. Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu alisimama uani akasoma gazeti lote kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyambo kwa ajili ya wazee na akina mama. Waliojua kusoma walikuwa wachache. Kwa wengine wote, gazeti lilikuwa sauti ya Mwalimu.

Mwalimu hakuwa na umri mkubwa wakati ule, ila alivaa miwani na kutembea taratibu, na hivyo akaonekana mzee. Alikuwa na swali moja ambalo lilinichosha mpaka nikaota ninaulizwa. Nikimletea habari yoyote, kwamba chemchemi fulani imeingia ng'ombe au mzee fulani ameng'atwa na nyoka, aliniuliza, "Umeona, au umeambiwa?" Nikisema nimeambiwa, alinirudisha njiani nikaone. Niliwahi kutembea nusu siku kwenda kuhakikisha kwamba choo kimoja kimechimbwa kweli. Nilirudi nimekasirika, nikamwambia choo kipo na kinanuka, akaandika kipo, akaacha kinanuka. Watu walimwamini kwa sababu ya mambo hayo madogo madogo. Akisema daraja limevunjika, hakuna aliyekwenda kulitazama. Walipita njia nyingine.

Nilikuwa nikilala kwa Koku. Mume wake alikuwa amekwenda Uganda kutafuta kazi kama wanaume wengi wa wakati ule, naye alibaki na shamba la migomba, mbuzi wachache, na binti yake Asimwe aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika kingo za vitu. Tulikula ndizi na maharage jioni, tumekaa kwenye nyasi zilizotandikwa chini, na Asimwe alizunguka kati yetu akichukua tonge kwa huyu na kumlisha yule. Koku alikuwa mcheshi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Aliigiza jinsi Mwalimu anavyosafisha miwani kabla ya kusoma habari mbaya, na jinsi mimi ninavyoinua kidevu nikitajwa jina langu uani. Nikisikia leo watu wanasema Koku ni mwanamke mkali, husema moyoni kwamba wao walimkuta ameshavunjika.

Kabla ya mvua za vuli zikaja habari za ndui. Ilikuwa ng'ambo ya mto, ikasemekana imevuka. Watu wa kampeni ya chanjo wakafika, wakiongozwa na Bwana Afya mmoja mwenye asili ya Tanga, mwembamba, mwenye Kiswahili kizuri mno hata akina mama walimsikiliza kwa ajili ya utamu wake tu. Karatasi na wino wetu vikaanza kutoka kwake. Mimi mwenyewe nilichanjwa siku ya kwanza, na alama ninayo mpaka leo. Mwalimu aliandika kuhusu chanjo kama alivyoandika kuhusu kila kitu: inachanjwa wapi, mkono unauma vipi, homa inakuja lini, inaondoka lini. Akina mama walikuja na watoto mgongoni. Koku alisema atampeleka Asimwe zamu ya kilima chetu itakapofika, akimaliza kupanda maharage.

Kisha mtoto mmoja akafa kwenye kilima cha pili, tulichokitazama kila asubuhi tukifungua mlango. Mchanjaji wa upande ule aliishiwa spiriti ya taa ya kuchomea kichanjio, na badala ya kuahirisha aliendelea kukifuta kwa kitambaa. Mikono ya watoto kadhaa ikavimba na kutoa usaha. Wengi walipona. Mmoja, mtoto wa kiume anayenyonya, uvimbe ulipanda mpaka shingoni, akakataa titi, akafa. Mwalimu hakumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe, akaketi na baba wa mtoto, akazungumza na mchanjaji ambaye alilia mbele yake, akarudi na matope mpaka magotini, akanisomea nichape. Ninayakumbuka yale maneno kwa sababu yalikuwa makavu sana. Yalisema mtoto amekufa, yakasema kwa nini, yakasema chanjo yenyewe haina kosa ila kichanjio hakikuchomwa moto, na yakawaambia akina mama wadai kuona kichanjio kikichomwa mbele ya macho yao kabla ya kumtoa mtoto mgongoni. Niliyachapa, nikafurahi kwamba nimeyachapa bila kukosea.

Bwana Afya alifika kesho yake, na yote yaliyosemwa niliyasikia kupitia ule ukuta wa mianzi nikiwa nimeshika rola la wino. Nilitegemea atafoka. Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alisimulia kijiji alichowahi kufanya kazi, mbali na kwetu, ambako watu walikimbilia porini kwa sababu ya uvumi mmoja juu ya chanjo, na jinsi yeye na mwenzake walivyokwenda kuwazika baada ya ndui kupita, kwa sababu hakukuwa na mtu mwenye nguvu ya kushika koleo. Sauti yake ilikuwa inakatika. Alisema wakati wa amani gazeti lina haki ya kuuliza, lakini wakati wa ugonjwa kazi yake ni kuhimiza. Mwalimu alijibu kwamba yeye hajui kuhimiza, anajua kueleza. Wakarudia hayo mara nyingi, kila mmoja akimsihi mwenzake. Mwishowe Bwana Afya akasema:

"Mwalimu, mtoto yule amekwisha kufa. Hutamrudisha kwa kumwandika. Hawa wengine bado wako hai."

Nilimsikia Mwalimu akisafisha miwani. Alikuwa na namna yake ya kuipulizia. Kisha akanijia upande wangu, hakunitazama, akasema niitoe ile stensili nichape nyingine. Hiyo nyingine ilisema kwamba kazi ya chanjo inaendelea vizuri katika vilima vyote, watu wameipokea kwa moyo, na hakuna aliyepata madhara. Nilimwuliza swali lake mwenyewe. Nilimwuliza kama ameona au ameambiwa. Alisema, "Chapa, mwanangu." Nilichapa, na sijilaumu, nilikuwa msichana wa kuchapa. Ila nilimhurumia kwa namna ambayo bado sijaiacha, kwa sababu niliona kwamba anaamini anafanya jambo jema na papo hapo analionea haya.

Bwana Afya alikuwa mgeni, hakujua alilokuwa anaomba. Lakini Mwalimu alizaliwa pale. Mvua zilikuwa zimeanza wiki ile, mvua ambazo kila mwanamke huzikimbilia na jembe kabla ardhi haijakauka tena, na vilima vyote vilikuwa vyeusi kwa udongo mpya isipokuwa kimoja. Kilima cha pili kilikuwa kijivu kama kilivyokuwa kiangazi. Hakuna moshi wa magugu, hakuna mtu aliyeinama. Mtu yeyote aliyesimama uani Jumapili ile aliweza kuinua macho juu ya bega la Mwalimu akakiona. Naye Mwalimu akasimama, akakipa mgongo, akasoma kwamba hakuna aliyepata madhara. Alipomaliza Kinyambo watu walikuwa wanakitazama kilima. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa karibu na ngazi akauliza kwa heshima kabisa, kwa neno letu la kumsihi mkubwa, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi:

"Mwalimu, waitu, wale wa kule mbona hawalimi?"

Mwalimu akazitazama karatasi zake. Akasema, "Habari hiyo haimo humu." Watu wakaanza kuondoka kabla hajazikunja.

Jioni ile Koku hakuigiza chochote. Alipika, akanipakulia, akamweka Asimwe mapajani akawa anamchagulia maharage laini. Nikamwambia yote. Nilimweleza habari za taa iliyoishiwa spiriti, za kile kitambaa, za mchanjaji aliyelia, na kwamba sasa wanachoma kichanjio kila mara kwa sababu Bwana Afya amewatia adabu. Nilifunua mkono wangu nikamwonyesha kidonda changu kilivyokauka vizuri. Nilimwambia zamu yetu ni kesho kutwa, ampeleke mtoto, nitakwenda naye, nitasimama pale mpaka nione moto kwa macho yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Hayo unayoniambia jikoni, mbona leo hayakusomwa uani?" Nikaufunika mkono wangu. Akasema tena, bila hasira, akimpangusa mtoto mdomo, "Kama wanaweza kunificha kaburi ninaloliona, Leokadia, wananificha nini nisichokiona?"

Nilimsihi. Nilimsihi asubuhi nikimsaidia kukata nyasi za mbuzi, nikamsihi kisimani mbele ya wenzake mpaka wakanicheka, na siku ya zamu nilijaribu kumchukua Asimwe mgongoni nikasema ninampeleka kutembea. Koku alimchukua kutoka mgongoni kwangu bila kunisukuma, akampeleka kwa shangazi yake ndani ndani ya migomba, na walikuwako akina mama wengine huko na watoto wao, wamekaa kimya wakimenya ndizi. Wachanjaji walikaa uani tangu asubuhi wakichoma kichanjio chao vizuri sana, na karibu hawakupata mtu. Bwana Afya alipita mbele ya dirisha letu akielekea kwenye gari lake. Hakuingia. Alionekana kama mtu aliyesikia habari ya msiba akiwa safarini.

Ndui ilifika mwisho wa mvua, wakati senene wanaanza kuanguka na watoto wanakimbizana nao kwenye nyasi. Sitaieleza ndui, waliowahi kuiona hawataki kukumbushwa, na wasioiona wamshukuru Mungu. Nitasema tu kwamba mimi niliyechanjwa niliweza kumshika Asimwe, kumwogesha kwa maji yenye majani, kumpepea inzi, nisipatwe na lolote, na Koku aliona hilo. Kila nilipomwinua mtoto, Koku aliutazama mkono wangu, pale kwenye alama. Siku ya mwisho Asimwe hakuweza kufumbua macho, akawa anashika uso wa mama yake kwa vidole kumtambua. Alifariki mchana, jua linawaka, jirani zetu wakiwa shambani. Nilisikia majembe yakinyamaza moja baada ya jingine kadiri kilio kilivyofika.

Mwalimu alikuja msibani. Hakutumwa mtu wa kumzuia, na hakutumwa mtu wa kumkaribisha. Aliketi chini kwenye majani ya migomba pamoja na wanaume, ameshika kofia. Kwetu mgeni hata akija msibani hupitishiwa kahawa ya kutafuna. Koku mwenyewe, ambaye hakupaswa kufanya kazi yoyote siku ile, aliinuka akachukua kikapu kidogo cha kahawa hiyo, akampa kila mtu kwa mkono wake, na alipofika kwa Mwalimu akapita. Mwalimu alikuwa ameshanyoosha kiganja. Kilibaki hivyo hewani. Ndipo Koku akageuka akasema maneno yake, kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeagiza kitu dukani:

"Siku utakapokufa, Mwalimu, mimi nitalima."

Aliitikia kwa kichwa. Alikaa mpaka jioni, akaondoka na wengine.

Wiki iliyofuata alikuja chumbani akanisimulia habari mpya nichape, na hakuwa na karatasi mkononi. Alieleza yote, kuanzia spiriti iliyoisha mpaka ile Jumapili. Alisema gazeti hili liliacha kueleza likaanza kuhimiza, na kwamba aliyefanya hivyo ni yeye. Akataja watoto kwa majina, wale aliokwenda kuwaona, na jina la Asimwe likiwemo. Mwishoni akarudia yale maneno ya kwanza kabisa, kwamba mama adai kuona kichanjio kikichomwa. Alisoma uani akiwa ameelekea vilima, na alipofika kwenye majina sauti ikamtoka vibaya. Baadhi ya akina mama walikuja kuchanjwa wiki ile. Si wote. Kilima cha pili hakikuja kabisa. Na mwezi haukuisha, wino na karatasi vikakoma kuletwa, mashine ikachukuliwa, Mwalimu akahamishiwa shule ya mbali, mimi nikarudi Nyakakika. Nimewahi kujiuliza usiku na mchana: kama ile stensili ya kwanza ingetoka, je, Koku angempeleka mtoto? Bwana Afya aliamini wangekimbia. Mwalimu aliamini mpaka anakufa kwamba wangekuja. Mimi sijui, na kutokujua huko kumenitesa kuliko ndui yenyewe. Ninachojua ni kwamba walikimbia.

Basi nimefika Nyakatuntu kwa bodaboda, kijana ananiambia bibi shika vizuri. Kwa Mwalimu pamefungwa turubai, vimewekwa viti vya plastiki, na mjukuu wake mmoja mwenye adabu, aliyeniamkia shikamoo mara mbili, akanipa wasifu wa marehemu nisome kabla haujasomwa kwa watu. Umeandikwa vizuri. Unasema marehemu alikuwa mhamasishaji shupavu wa chanjo, na kwamba kwa kalamu yake aliwashawishi akina mama wa vilima hivi. Nilimrudishia. Nilimwambia babu yako hakupenda neno kuhamasisha, akatabasamu akidhani ninatania. Nikatafuta njia ya kwenda kwa Koku.

Nilimsikia kabla sijamwona. Kilima kizima kilikuwa kimya, maana hata vijana wa leo wenye simu bado huliheshimu hilo, na ndani ya kimya kile palikuwa na jembe moja, polepole, likipumzika kila baada ya kitambo. Majirani walikuwa wamesimama kwenye njia, wanawake kwa wanaume, na hakuna aliyethubutu kumwita. Mjukuu wake alikuwa kando ya shamba, ameshika kichwa. Koku alikuwa ameinama pale karibu na kaburi dogo la Asimwe, kilemba cha msibani kichwani, gauni jeusi tayari mwilini, analima kipande cha ardhi kisichozidi mkeka. Nilitaka kumzuia. Nilitaka pia kumshikia jembe. Nikakaa chini kwenye ukingo nikamngoja, ninalia kama mtoto, kwa sababu nilijua kwamba yule mwalimu aliye ndani ya sanduku asingependa mtu yeyote amzuie.

Alipomaliza alinyoosha mgongo kwa shida, akaliegemeza jembe kwenye mgomba, akaja mpaka nilipo. Miguu yake ilikuwa na udongo mbichi, nami nikamwambia kuna maji hapa, anawe. Akakataa. Akanipa mkono niinuke.

"Nimelima," akasema. "Sasa twende tukamzike Mwalimu."